Mbegu za Chia Katika Bakuli la Kwaresima

Neno kitindamlo limo katika kamusi, lakini katika nyumba za Bwegera halina kazi kubwa. Sisi hula bugali kwa sombe, kwa maharagwe au kwa ndagala, tukanawa mikono, tukamshukuru Mungu, na chakula kimekwisha. Embe huliwa wakati wowote linapoanguka, muwa hutafunwa njiani, na mandazi ni ya asubuhi. Kitu kitamu kinachosubiri mwisho wa chakula, kikagawiwa katika vibakuli na kila mtu akapewa kijiko chake, tumekiona kwa wageni, katika arusi za mjini Uvira, na katika picha za simu. Kwa hiyo tulipoamua, wanachama 11 wa chama chetu, kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa mikono yetu, tena katikati ya Kwaresima, tena bila tone la maziwa ya ng'ombe wala yai, baadhi ya ndugu zetu walicheka, na wengine waliuliza kama tumesahau ni kipindi gani cha mwaka. Maswali yao yalikuwa ya haki. Tunayajibu hapa, na tunaeleza pia jambo lililotusukuma, kwa sababu lilikuwa zito kuliko utamu.

Katika shirika letu yumo mama mmoja mzee, mjane mwenye wajukuu wengi, ambaye wote, hata wasio wa ukoo wake, humwita Bibi. Ana ugonjwa wa sukari tangu miaka kadhaa. Binti yake anayeishi Bujumbura alimpelekea, kwa mkono wa msafiri aliyevuka Ruzizi, pakiti ya nusu kilo ya mbegu ndogo sana, nyeusi na za kijivu, na pamoja nayo ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliokwisha kupita katika simu nyingi kabla ya kufika kwake. Msemaji hakujitaja. Alisema kwamba mbegu hizo huitwa chia, kwamba wafalme wa kale walizila, kwamba husafisha damu, na kwamba mwenye sukari akila vijiko viwili kila siku anaweza kuviaga vidonge. Bibi hakuvitupa vidonge vyake. Aliviweka ndani ya kopo, kopo akaliweka juu ya kabati, na kwa majuma mawili akameza mbegu kwa maji. Mjukuu anayelala naye ndiye aliyetutonya: bibi yake alikuwa akiamka usiku kunywa maji kikombe baada ya kikombe, na kutoka nje mara nne, mara tano.

Tungependa msomaji asimhukumu haraka. Vidonge vya sukari si vya juma moja, ni vya maisha. Ipo miezi ambayo dawa hupatikana karibu na ipo miezi ambayo hazipatikani, na Barabara ya Taifa namba 5, inayotupeleka Uvira upande mmoja na Kamanyola upande mwingine, haipitiki kila siku, mara kwa mvua, mara kwa milio ya risasi. Mtu aliyechoka kuhesabu vidonge, akisikia sauti tulivu ikimwambia kwamba pumziko limo ndani ya pakiti aliyotumiwa na mwanawe mwenyewe, ataisikiliza. Tena kuna jambo la pili. Tangu alipoambiwa ugonjwa wake, Bibi hukaa pembeni katika sherehe. Soda zikigawiwa, yeye hupewa maji; keki ya ubatizo ikikatwa, sahani humruka. Hakuna afanyaye hivyo kwa ubaya, ni kwa kumlinda. Lakini mbegu za chia zilikuwa kitu cha kwanza kwa muda mrefu alichopewa badala ya kunyimwa.

Wawili kati yetu walikwenda kumtembelea jioni.

"Tumsifu Yesu Kristu, Bibi."

"Milele na milele, wanangu. Karibuni, mukae." Kisha, kabla hawajasema neno: "Najua kilichowaleta. Mtoto wangu amenitumia dawa, na ninyi mnataka niiache."

"Hapana, Bibi. Tunataka tuipike."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kesho yake aliteremsha kopo, akakubali kusindikizwa hadi kituo cha afya. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kwa upole arudie vidonge siku ileile. Kuhusu mbegu alisema maneno machache tuliyoyapenda: ni chakula, aile kama chakula, iliyolowekwa vizuri, naye aendelee kuja kupimwa.

Basi tukataka kujua chakula hiki ni kipi hasa. Chia ni mmea wa jamii moja na mrehani na mnanaa, na kwao ni Mexico na Guatemala. Waazteki waliihesabu miongoni mwa nafaka zao kubwa pamoja na mahindi na maharagwe, na katika kitabu cha picha kiitwacho Codex Mendoza, cha karne ya 16, mbegu hiyo imo katika orodha ya kodi ambayo miji iliyotekwa ilipaswa kuipeleka kwa mtawala. Hapo yule msemaji wa simu hakudanganya: wafalme walizila kweli, na wachuuzi wa sokoni walizila pia. Tuna habari nyingi za chia kwa sababu ya mtawa mmoja wa Mtakatifu Fransisko, Bernardino de Sahagún, aliyefika Mexico mwaka 1529 na kufa huko mwaka 1590. Yeye na wasomi wa Kinahuatl aliowafundisha, nao wakamfundisha, waliandika vitabu 12 juu ya maisha ya watu wale, na humo chia imeandikwa kama mbegu, kama kinywaji, na kama bidhaa ya soko. Jina la kitaalamu, Salvia hispanica, lilitolewa mwaka 1753 na Linnaeus wa Uswidi, na maana yake ni "ya Hispania". Mmea wa Mexico ukaitwa kwa jina la nchi iliyoutwaa. Sisi wa nchi hii, iliyobadilishiwa majina mara kadhaa, tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Hao hao Waazteki walikula pia mbegu za lengalenga. Msomaji wa Bwegera atashangaa kama tulivyoshangaa sisi. Lengalenga tunalolichuma nyuma ya nyumba kila juma, tukala majani na kuziacha mbegu zake zipeperuke, lina ndugu zake wa karibu huko ng'ambo, ambao mbegu zao zilisagwa, zikafanywa unga wa sherehe na kulipwa kodi kama chia. Hatusemi kwamba tuanze kesho kukusanya mbegu za lengalenga. Ni kazi ya subira kubwa, na wenye kuku wanajua nani atakayefaidi kwanza. Tunasema tu kwamba mbegu ndogo ya kuliwa si ajabu iliyotoka mbinguni juzi.

Wala si ngeni katika upande wetu wa Afrika. Mombasa na Unguja, watu hunywa faluda, na baadhi yao hutia humo mbegu za mrehani zilizolowekwa, ambazo huvimba na kuvaa ute kama chia. Ethiopia, Wakristo wa Kiorthodoksi, ambao katika siku zao nyingi za mfungo hawali nyama, maziwa wala mayai, hutengeneza kinywaji cha mbegu za kitani wanachokiita telba, nacho kina ute uleule. Kwa hiyo tulichokuwa tunataka kukifanya katika jiko la Bwegera kilikuwa na jamaa zake, kutoka pwani ya bahari hadi milima ya kaskazini.

Ute huo ndio siri yote. Mbegu ya chia ikiwekwa katika maji huvuta maji yenye uzito wa karibu mara 10 ya uzito wake, ikajizungushia utando laini. Ndani ya tumbo la mtu, ute huo hupunguza mwendo wa chakula, na sukari ya chakula huingia katika damu polepole zaidi. Hapo ndipo ulipotoka uvumi wa dawa. Ni kweli kwamba katika mji wa Toronto, Kanada, daktari Vladimir Vuksan na wenzake walitangaza mwaka 2007 uchunguzi walioufanya kwa wagonjwa 20 wa sukari, waliokula karibu gramu 37 za aina moja ya chia kila siku kwa majuma 12, yaani kama vijiko vitatu vikubwa. Shinikizo la damu lilishuka, na baadhi ya vipimo vingine vikawa vizuri zaidi. Lakini hata kichwa cha maandishi yao kinasema wazi kwamba chia iliongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge. Watu 20 si wengi, majuma 12 si miaka, na neno "iliongezwa" ndilo lililopotea njiani kati ya Toronto na simu ya Bibi.

Tuliona vema kusema na hatari yake, kwa kuwa Bibi alikuwa akizimeza kavu na kuzifuatisha maji. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtu mmoja aliyemeza kijiko cha chia kavu kisha akanywa maji. Mbegu zilivimba ndani ya umio, zikaziba njia ya chakula, ikabidi ziondolewe hospitalini. Mtoto mdogo na mzee asiyemeza vizuri wasipewe kamwe mbegu kavu. Na kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, kuna neno jingine: mbegu hulowekwa katika kitu baridi, na kitu baridi hakiui kijidudu. Maji au maziwa ya kulowekea lazima yawe yamechemka kwanza na kupoa yakiwa yamefunikwa.

Tukaja kwenye mapishi. Wengi huko ng'ambo hutumia maziwa ya lozi au ya nazi. Lozi hatuna, na nazi hufika kwetu kwa shida. Tunazo karanga na soya. Tulichukua kikombe kimoja cha soya, tukailoweka usiku kucha, tukaifikicha mpaka maganda yakatoka, tukaitwanga. Karanga kikombe kimoja tulizichambua moja moja, tukitupa kila iliyokunjamana au yenye ukungu, kwa maana ukungu wa karanga una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Nazo tukazitwanga mbichi. Vyote viwili vikachanganywa na maji, vikachujwa kwa kitambaa safi, vikawekwa juu ya mbabula. Maziwa ya soya hayana haraka: yakitoka povu mtu hudhani yamechemka, kumbe bado. Tuliyaacha yatokote kama nusu saa, tukikoroga bila kuchoka, kwa sababu soya isiyoiva husumbua tumbo na kuzuia mwili usipate nguvu iliyomo. Tulitia majani ya mchaichai yaliyofungwa fundo, kipande cha tangawizi kilichopondwa, na chumvi kidogo. Mchaichai uliondoa ile harufu ya soya inayowafanya watu wengi wageuze uso.

Makapi hayakutupwa. Mama mmoja aliyatengenezea andazi zito ambalo, kusema kweli, baadhi yetu tulilipenda kuliko kitu chenyewe.

Tulipata vikombe sita vya maziwa mazito. Yalipopoa, ndani ya sufuria iliyofunikwa na kusimamishwa katika beseni la maji, tulitia vijiko 12 vya chia, viwili kwa kila kikombe. Bibi mwenyewe ndiye aliyehesabu. Pakiti ilikuwa imebaki na kidogo tu, na vijiko 12 viliacha kiganja kimoja. Hapa kuna jambo ambalo wenye kujaribu wasilisahau: ukitia mbegu na kuondoka, zitashikamana chini kama uji ulioungua. Korogeni, ngojeni dakika 10, korogeni tena, kisha ndipo muache. Baada ya saa mbili mchanganyiko ulikuwa umesimama, kijiko kikikaa wima ndani yake. Hatukuungoja hadi kesho yake, kwa sababu katika joto la bonde letu, bila friji, maziwa ya soya yakilala hayafai tena.

Tuligawa sehemu mbili. Moja tulichanganya na sukari na embe lililokatwa vipande vidogo, kwa ajili ya watoto. Tulipokuwa tukipima sukari, mzee mmoja alikumbuka jinsi zamani sukari ya bonde hili ilivyotoka Kiliba, kabla ya vita vya 1996 kukisimamisha kiwanda. Aliyasema hayo kwa ufupi, kisha akaomba kijiko cha kuonja, na hatukumnyima. Sehemu ya pili haikuwekwa sukari hata kidogo. Ilipata tu karanga zilizokaangwa na kupondwa juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa ya Bibi na ya yeyote aliyetaka kula naye.

Siku ilikuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, ile ambayo Kanisa huiita Laetare, yaani "furahini", ambapo padri anaweza kuvaa rangi ya waridi na maua kurudi altareni. Tuliichagua kwa makusudi. Dominika si siku ya kufunga, na tangu Paulo VI alipotoa agizo lake la mwaka 1966, sheria ya Kanisa letu juu ya kujinyima chakula imekuwa nyepesi: kufunga siku ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima. Maziwa na mayai hayakatazwi. Zamani haikuwa hivyo. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliacha katika Kwaresima nyama, maziwa, siagi, jibini na mayai pia, na wapishi wao walisaga lozi, wakaziloweka, wakazichuja, wakapata maziwa ya kupikia siku za mfungo. Wenye mali walitafuta ruhusa ya kula siagi kwa kutoa sadaka. Katika mji wa Rouen, Ufaransa, mnara mmoja wa kanisa kuu, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi kwa sababu fedha hizo zilisaidia kuujenga. Kwa hiyo aliyetuuliza kwa mzaha kama maziwa ya karanga ni mtindo wa watu wa siku hizi, tulimjibu kwamba wapishi wa kale wa Kwaresima wangelitambua bakuli letu mara moja, ingawa wangetuonea huruma kwa kukosa lozi.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo liliulizwa na baba mmoja ambaye hatanii. Alisema: katika kijiji ambamo wapo watoto wenye bwaki, mnawezaje kukaa Dominika nzima mkishughulikia utamu? Tulimheshimu kwa kuuliza. Jibu letu lina pande mbili. Upande wa kwanza, chia si chakula cha kumponya mtoto mwenye bwaki, na tunaomba asiwepo mama atakayeuza maharagwe yake ili ainunue. Gramu 100 za chia zina protini karibu gramu 17. Za maharagwe makavu zina zaidi ya 20, za karanga karibu 25, na za soya karibu 36. Uji wa masoso, wa mahindi, mtama na soya, ambao mama zetu wameupika katika vituo vya Kivu ya Kusini kwa miaka mingi, unamfaa mtoto kuliko mbegu hii. Wanaosifu chia husifu pia mafuta yake mazuri kwa moyo, nayo ni mazuri kweli; lakini mwili hulazimika kuyageuza kabla ya kuyatumia vizuri, tena huyageuza kwa kiasi kidogo, ilhali samaki huyaleta yakiwa tayari. Kinachoipa chia sifa ya pekee ni ule ute na nyuzinyuzi zake, karibu gramu 34 katika gramu 100, na hitaji hilo ni la watu kama Bibi zaidi kuliko la mtoto aliyekonda. Kwa bei ya pakiti ile, nyumba moja ingekula maharagwe kwa siku nyingi.

Upande wa pili wa jibu ni kwamba mzee naye ana njaa yake. Hatukupika ili kuonyesha uhodari wa jikoni. Tulipika kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa ameondolewa mezani kwa upole, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaona afadhali kuamini sauti ya mtu asiyemjua kuliko kupokea kikombe kingine cha maji. Baba yule alifikiri, akasema, "Basi nipeni nami." Alikula ile isiyo na sukari.

Watoto ndio waliotutia mashaka kwanza. Walipofunuliwa sufuria walirudi nyuma hatua mbili. Mmoja alisema kwa sauti, "Ni mayai ya vyura!" Yeyote aliyewahi kupita katika mashamba ya mpunga baada ya mvua atakubali kwamba mtoto huyo ana macho: nukta nyeusi ndani ya ute mweupe, zikitetemeka. Kicheko kilikuwa kikubwa. Bibi alichukua kijiko akala mbele yao bila kusema kitu, akala tena, na hapo watoto wakaanza kusogea. Walipogundua embe na sukari, hadithi ya vyura ikaisha. Mwanamume mmoja aliyekulia milimani kwenye ng'ombe alisema inamkumbusha mashanza, ila haina uchachu. Wengine walisema ladha ni ya karanga tu na kwamba mbegu zenyewe hazina ladha yoyote. Tunakubaliana na hao wa mwisho. Chia haina ladha. Inapokea ladha ya kile kilichoizunguka na kuifanya isimame.

Jambo tulilolipenda sisi lilikuwa dogo. Mama aliyegawa vibakuli alianza na Bibi, kama ilivyo desturi kwa mkubwa, na safari hii hakuwa na sababu ya kumruka. Bibi alipomaliza aliomba kuongezwa. Hatukumbuki ni lini mara ya mwisho aliomba kuongezwa kitu mbele ya watu.

Kijana mmoja wa chama chetu, mwenye bidii na mwenye kusoma, alitoka pale na wazo. Ikiwa mbegu hii ni ghali hivyo, kwa nini tusiilime? Udongo upo, jua lipo, mito inashuka kutoka milimani. Tulimsikiliza, kwa kuwa vijana wetu wakiacha kuwaza juu ya shamba watawaza juu ya bunduki au juu ya machimbo. Lakini tulimweleza yaliyotokea kwa majirani. Uganda na Rwanda, katika miaka hii ya karibuni, wakulima wengi walihimizwa kupanda chia kwa ajili ya soko la nje. Bei ilipanda, watu wakapanda zaidi, kisha bei ikaanguka, na wapo waliobaki na magunia nyumbani. Gunia la maharagwe lisiponunuliwa huliwa. Mhogo usiponunuliwa hukaa ardhini ukingoja. Gunia la chia lisiponunuliwa, nyumba itakula nini? Vijiko viwili kwa siku? Na mnunuzi wa chia hakai Sange wala Luvungi; yuko mbali, ng'ambo ya mipaka ambayo hufungwa bila taarifa. Tulimwambia kwamba akitaka kujaribu, ajaribu tuta moja, na mpunga auache mahali pake. Hakufurahi sana. Amesema atafanya hesabu zake na kutuletea, nasi tunazingoja kwa nia njema.

Bibi anaendelea na vidonge, na huenda kupimwa akisindikizwa na mjukuu yule aliyetutonya. Binti yake wa Bujumbura alitupigia simu. Alikuwa na huzuni kwa ajili ya ule ujumbe wa sauti. Yeye aliutuma kwa upendo, alisema, hakuwa na namna ya kujua. Tulimwambia asitume pakiti nyingine, atume nauli ya kwenda kupima, na tayari ameituma mara mbili. Baada ya chia kwisha tulijaribu maziwa yaleyale ya karanga na soya tukiyafanya mazito kwa wanga wa muhogo. Watoto wameyapenda zaidi, maana hayana vyura ndani yake, lakini wanga ni wanga, na kwa Bibi tuliona afadhali anywe maziwa yenyewe matupu, na mchaichai wake.

Kile kiganja kimoja cha mbegu kilichobaki, Bibi alikimwaga nyuma ya jiko, kando ya lengalenga, bila kumwuliza mtu. Zimeota. Majani yake yanafanana na mrehani, na tunazitembelea kila tunapopita kumsalimu. Mstari wa kwanza umeliwa na mbuzi wa jirani, ambaye hajaonyesha dalili yoyote ya kupona wala ya kuugua, na Bibi ameuzungushia miiba ule wa pili.